Nyumba Iliyofumba Macho

Januari ya mwaka 2019 nilinunua umeme wa shilingi 60,000 siku ya Jumatatu, na Jumapili yake, tukiwa mezani na chakula cha mchana, mita ya LUKU ikaanza kulia kwamba uniti zinakwisha. Mtumiaji wa kiwango changu wakati huo alikuwa akilipa takriban shilingi 356 kwa uniti moja baada ya kodi na tozo kuongezwa, kwa hiyo nilikuwa nimepata uniti 168 hivi, na zote zilikuwa zimekwenda katika siku sita. Hatukuwa na jiko la umeme wala mashine yoyote ya biashara. Tulikuwa na viyoyozi vitatu, viwili vya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) vyumbani na kimoja cha BTU 18,000 sebuleni, na kwa joto la Tegeta, Dar es Salaam, la mwezi ule hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuzima chake.

Nyumba ile nilikuwa nimehamia mwaka 2016, baada ya kuijenga kidogo kidogo kwa miaka sita kama tunavyojenga wengi wetu, mwezi huu matofali na mwezi ujao nondo. Ramani niliinunua ikiwa imekwisha chorwa, kwa mtu aliyekuwa na jalada zima la ramani za namna hiyo, na yeye hakuniuliza kiwanja changu kinaelekea wapi wala mimi sikuona sababu ya kumwambia. Barabara iko magharibi ya kiwanja, kwa hiyo sebule na vyumba viwili vikubwa vilitazama magharibi ili nyumba ionekane vizuri na wapita njia. Mashariki, upande ambao bahari iko na upepo unatoka, kukawa na stoo, choo, bafu na jiko, vyenye vidirisha vidogo vya juu ambavyo hata paka angepita kwa shida. Kwa maneno mengine, upepo wa Bahari ya Hindi ulikuwa unasafiri masafa yote hayo kuja kupokelewa na stoo yangu ya mkaa.

Wiki chache baada ya mkasa wa LUKU, umeme ulikatika saa nne usiku. Tulivumilia robo saa, kisha tukatoka nje na mikeka, na hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo kelele za viyoyozi zilikuwa zimenifichia kwa miaka mitatu: nje kulikuwa na nafuu kubwa kuliko ndani. Nilirudi chumbani na tochi ya simu, nikaweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi kwa upande wa ndani, na ukuta ulikuwa wa moto kama sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu. Jua lilikuwa limezama tangu karibu saa moja. Matofali ya saruji yalikuwa yamekaa juani mchana kutwa yakinywa joto, na sasa, wakati watu wanataka kulala, yalikuwa yanalitapika kitandani kwetu. Kiyoyozi changu kilikuwa kikipambana kila usiku na tanuri nililolijenga kwa fedha zangu mwenyewe.

Mama yangu alikuja kutoka Tanga mwezi Februari. Yeye amezaliwa na kukulia Ngamiani, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi unaokwenda moja kwa moja kutoka mlango wa barazani hadi mlango wa uani. Kiyoyozi hakipendi, husema kinampandisha ubaridi magotini, na usiku wa kwanza tu alikataa chumba tulichomwandalia akatandika mkeka kwenye kibaraza cha nyuma, karibu na mlango wa jiko. Asubuhi nilimkuta amekaa pale pale, amelala vizuri kuliko sisi sote.

“Mwanangu,” aliniambia, “nyumba yako nzuri, lakini imefumba macho.”

Nilidhani anatania. Aliinuka, akachukua khanga, akaishika pindo kwa vidole viwili na kuining'iniza mbele ya kidirisha cha stoo. Khanga ikajaa upepo kama tanga la ngalawa. Akaenda nayo sebuleni, akaisimamisha mbele ya lile dirisha kubwa la aluminiamu nililolilipia fedha nyingi, na khanga ikaning'inia kama imeanikwa ndani ya kabati. Tulizunguka nyumba nzima hivyo, chumba kwa chumba, na mahali pekee ambapo khanga ilicheza palikuwa vyooni, stoo na jikoni. Hata huko upepo uliingia ukakwama, kwa sababu korido yangu ilikuwa imeishia kwenye ukuta mtupu, na milango ya vyumba ilikuwa inafungwa kwa ukamilifu kuanzia sakafuni hadi juu.

Mama akanieleza nyumba ya kwao kana kwamba mimi sikuwahi kulala humo. Mlango wa mbele na wa uani vinatazamana, kwa hiyo upepo ukiingia huku lazima utokee kule, na ukumbi ndio koo la nyumba. Kuta za ndani hazikufika juu hadi kwenye paa, hivyo joto la kila chumba lilipanda na kupata njia juu ya kuta, ijapokuwa, kwa ukweli, siri za kila chumba nazo zilipita humo humo. Chakula kilipikwa uani, si ndani. Yote hayo nilikuwa nikiyaona utotoni kuwa ni dalili ya umaskini, na nilipopata uwezo nilijenga kinyume chake, kipengele kwa kipengele.

Kabla sijamsikiliza vizuri, nilifanya kosa moja la gharama. Nilikuwa nimeona Kariakoo feni kubwa zenye tangi la maji, ambazo muuzaji huziita kiyoyozi cha maji, na aliniapia kwamba zinatumia umeme kidogo mno. Kuhusu umeme alisema kweli. Nilinunua moja, nikaijaza maji na vipande vya barafu, nikaiweka chumbani na kufunga madirisha. Kwa nusu saa tulifurahi. Kufikia saa saba usiku shuka zilikuwa na unyevu, mito ilinuka kama nguo zilizokunjwa mbichi, na jasho lilikuwa palepale, sasa halikauki kabisa. Chombo kile hupoza hewa kwa kuvukiza maji, na maji huvukiza vizuri pale tu hewa inapokuwa kavu. Hewa ya Dar es Salaam katika miezi ya kaskazi imekwisha shiba maji, haina nafasi ya kupokea mengine. Nilimpelekea shemeji yangu aliyeko Dodoma, ambako hewa ni kavu na mji uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, na hadi leo ananishukuru kama nilimpa ng'ombe.

Kosa hilo lilinifunza kutilia shaka ushauri wa jumla kuhusu joto. Mwingi umeandikwa na watu wa nchi zenye hewa kavu, ambako mchana ni moto mkali na usiku ni baridi, na wao huambiana wafunge madirisha mchana kutwa na kuyafungua usiku. Nilijaribu hilo pia kwa wiki mbili. Kwetu pwani, joto la mchana katika Januari na Februari hufika nyuzi 32 hivi, na usiku halishuki sana chini ya 25, kwa hiyo faida ya kufunga ni ndogo, na hewa iliyotuama na unyevu wake huchosha mwili kuliko nyuzi zenyewe. Mwili wa mtu wa pwani unahitaji kivuli na hewa inayotembea, na nikishapata viwili hivyo, kipimajoto kikisoma 30 huwa sina malalamiko.

Kivuli kilianza juu. Mabati yangu yalikuwa ya msauzi, rangi ya makaa, kwa sababu mwaka ule ndiyo iliyokuwa fasheni. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu na Oktoba 10 jua la adhuhuri linapita wima juu ya vichwa vyetu, na katika miezi mingine halisogei mbali, kwa hiyo paa ndilo linalobeba mzigo mkubwa wa mchana. Bati jeusi lililokaa juani linaweza kupita nyuzi 60. Nilipanda darini siku moja saa nane mchana kupitia kitundu cha fundi umeme, nikiwa na kipimajoto cha kidijitali, na sikuweza kukaa kwa dakika tatu. Hewa ilikuwa imesimama kati ya kenchi kama mvuke wa bafu, kwa sababu fundi alikuwa ameziba pembe zote za paa kwa fisha bodi na jipsamu ili popo wasiingie. Popo kweli hawakuingia, na joto nalo halikutoka.

Tulianza na jambo rahisi. Fundi alitoboa matundu marefu chini ya upenu, upande wa mashariki na wa magharibi, na mengine juu kwenye pembetatu za ukuta, yote akayawekea wavu wa chuma. Hewa ya moto ikapata njia ya kutokea juu huku ya nje ikiingia chini. Baada ya hapo nikapaka paa rangi nyeupe ya kuakisi jua. Hapa nataka kuwa mkweli: kazi hii ina adha. Bati la msauzi lina tabaka lake la rangi, kwa hiyo lazima lioshwe vizuri na rangi iwe ya aina inayoshika juu ya tabaka hilo, la sivyo itabanduka kama maganda mvua za masika zikipiga. Vumbi la barabara yetu hulifanya liwe la kijivu kila kiangazi na inabidi kuliosha. Majirani waliita nyumba yangu zahanati kwa mwaka mzima, na mama mmoja alikuja kweli getini na mtoto mwenye homa. Lakini kipimajoto changu cha sebuleni, ambacho saa tisa alasiri kilikuwa kimezoea kusoma 34 viyoyozi vikiwa vimezimwa, kilianza kusoma 31, na dari ukiigusa kwa kiganja ilikuwa vuguvugu tu.

Ukuta wa magharibi ulikuwa na ukaidi wake. Jua la kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili linakuja kwa chini, upenu hauwezi kulizuia, na mapazia mazito tuliyonunua yalisaidia kwa macho zaidi kuliko kwa joto, kwa kuwa jua likishapita kwenye kioo limekwisha ingia ndani. Kizuizi lazima kikae nje. Mama alinituma sokoni nikanunue majamvi mawili ya ukindu, tukayafunga kwenye nondo za madirisha kwa nje, yakikunjuliwa saa nane na kukunjwa jua likizama. Mke wangu alilalamika, na alikuwa na haki, kwamba nyumba sasa inafanana na kibanda cha kuuzia samaki. Baada ya msimu mmoja tuliyaondoa tukajenga fremu ya mbao yenye vipande vilivyolala kwa mshazari, futi mbili mbele ya ukuta, na mpasheni ukapandishwa juu yake. Mpasheni ulifunika fremu katika muda mfupi kuliko nilivyotarajia, na matunda yake tunakunywa.

Kazi kubwa kuliko zote, na ambayo ningeifanya kwanza kama ningeanza upya, ilikuwa kumfumbua macho huyo aliyefumba. Tulibomoa ukuta mtupu mwishoni mwa korido, upande wa mashariki, tukaweka mlango wa geti la nondo wenye wavu wa mbu, na wa mbao nyuma yake kwa ajili ya usalama wa usiku. Stoo tuliifuta. Juu ya kila mlango wa chumba fundi alifungua kidirisha cha kulala, futi moja kwenda juu, chenye vipande vya mbao visivyofungwa. Binti yangu mkubwa hakufurahia kwamba simu zake sasa zinasikika koridoni. Nilimwambia akamwulize bibi yake wao walikuwa wanaishije. Yale madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo kwa maumbile yake hufunguka nusu tu hata ukitaka kuyafungua yote, niliyabadilisha mawili ya sebuleni kwa ya mbao yenye mbawa mbili, na yaliyobaki nikayaacha kwa sababu fedha zilikwisha.

Hata baada ya hapo khanga haikucheza kama tulivyotarajia, na ilituchukua siku kadhaa kugundua kwamba upepo ulikuwa unazuiwa na ukuta wa fensi wa nyuma, wenye urefu wa futi nane, uliosimama hatua tano tu kutoka kwenye mlango mpya. Upepo ulikuwa unaruka juu ya fensi na kutua kwenye paa. Tulishusha tofali za juu za mistari minne na mahali pake tukapanga matofali ya matundu, yale ya urembo, na waya wa usalama ukabaki juu kama ulivyokuwa. Jioni ya siku ile saruji ikiwa bado mbichi, pazia la sebuleni, lililokuwa limening'inia wima kwa miaka mitatu, lilinyanyuka lenyewe.

Mengine yalikuwa madogo na nitayapita haraka. Tuling'oa pevingi za upande wa magharibi tukapanda ukoka, kwa kuwa vitofali vile navyo vilikuwa vinaota jua na kulirudisha ukutani. Maharage na kande vinapikwa nje kwenye kibaraza. Nyavu za madirisha huoshwa kila mwezi, maana wavu ulioziba vumbi ni sawa na ukuta.

Katika vyumba vyote tuliweka mapanga boi, yaani feni za darini. Moja linakula wati 70 hivi, ilhali kiyoyozi cha BTU 12,000 kikiwa kinafanya kazi kwa nguvu zake hula wati elfu moja na zaidi, kwa hiyo panga boi moja likizunguka usiku kucha, saa kumi nzima, halimalizi hata uniti moja. Lakini kuna jambo ambalo nimelazimika kulirudia kwa wanangu hadi nikachosha: panga boi halipozi chumba, linampoza mtu, kwa kukausha jasho lake. Kuliacha linazunguka katika chumba kisicho na mtu ni kuipepea samani.

Viyoyozi sikuvifukuza. Nilibaki na kile cha chumbani kwetu na kimoja chumbani kwa mwanangu mdogo wa kiume, cha sebuleni nikakiuza. Fundi aliyekuwa akija kila mwaka kuongeza gesi nilimwuliza swali ambalo ningepaswa kumwuliza mapema: gesi inakwenda wapi? Mfumo wa kiyoyozi umefungwa, gesi huzunguka humo humo na haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari, inayopungua inavuja. Fundi mwingine alipata tundu kwenye kiungio cha bomba, akaliziba, na tangu hapo hatujaongeza. Kile kifaa cha nje kilikuwa kimefungwa kwenye ukuta wa magharibi, juani, kikijaribu kutoa joto mahali penye joto. Tulikihamishia kaskazini chini ya upenu, tukihakikisha hakuna kitu mbele yake kinachorudisha hewa. Nilijifunza pia kwamba kukiweka nyuzi 16 hakukifanyi kipoze chumba haraka zaidi. Kinapoza kwa kasi ile ile, ila hakijui lini pa kuishia. Sasa katika usiku mbaya wa Februari tunafunga mlango na kile kidirisha cha juu kwa kipande cha ubao, tunakiwasha kwenye nyuzi 26 kwa saa mbili hadi tatu huku panga boi likizunguka taratibu, kikishakausha unyevu kinajizima kwa saa yake, na panga boi linaendelea hadi asubuhi. Katika miezi ya kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, hatukiwashi kabisa, isipokuwa dakika chache kwa ajili ya kukijaribu.

Januari iliyopita uniti 168 zilitufikisha siku ya kumi na nane. Kuna wenye nyumba ndogo watakaoona hizo bado ni nyingi, na ni kweli, lakini tuko watu saba na friji mbili.

Kimebaki chumba kimoja ambacho sijakiweza, hicho cha mwanangu mdogo, kilichoko kwenye pembe ya kusini magharibi, nje ya mstari wa upepo wa korido. Kina kuta mbili za nje na dirisha moja la kusukuma, na kiyoyozi chake ndicho kinacholia zaidi kuliko vyote. Niliupanda mwarobaini mbele yake mwaka 2020, ukaliwa na mbuzi wa jirani ukiwa na kimo cha goti. Wa pili nikauzungushia miiba. Mama alipokuja mara ya mwisho aliupima kwa macho, akasema kivuli chake kitafika ukutani baada ya masika mawili, kisha akaingia ndani, akatundika khanga yake kwenye geti la korido na kutandika mkeka palepale ilipokuwa ikipepea.